Gari la zamani lipige picha nyuma kwanza

Picha nyingi ninazotumiwa na watu wanaouliza "hii ni ya mwaka gani?" zimepigwa mbele, grili na nembo zikimeta. Huko ndiko kwenye uongo mwingi. Nairobi hii nembo hununuliwa Kirinyaga Road, bampa hutolewa gari jingine, na fundi anayetaka gari litembee hana shida na historia yake. Mimi huanza na vitu ambavyo ni ghali kubadilisha: matundu ya vioo, nguzo za paa, umbali kati ya gurudumu la mbele na la nyuma.

Chukua Volkswagen Beetle. Taa za mbele zilizolala hutajwa kuwa dalili ya uzee, kwa sababu kuanzia modeli ya 1968 nyingi zilisimamishwa wima. Lakini taa hizo zimo ndani ya madigadi, na madigadi ya Beetle yamefungwa kwa bolti tu. Fundi mwenye spana hulizeesha au kulirudishia ujana kabla ya chai ya saa nne. Basi zunguka nyuma. Beetle za mwanzo zilikuwa na vioo viwili vidogo vilivyotenganishwa na nguzo. Mwaka 1953 kikawa kioo kimoja cha umbo la yai. Modeli ya 1958 ikaja na kioo kipana cha mstatili. Kubadilisha hapo ni kukata bati, na aliyekata huacha alama za kulehemu. Piga picha kona za kioo kwa karibu.

Datsun 1600SSS, toleo la 1600 lenye injini ya nguvu zaidi, ni kesi nyingine. Edgar Herrmann alishinda Safari Rally ya 1970 nayo, kwa hiyo si ajabu kila Datsun ya umbo hilo inataka kuitwa SSS. Herufi tatu za kubandika hazinitoshi. Nionyeshe injini.

Namba pleti nayo isikuvuruge. Isiyo na herufi ya mwisho ni ya kabla ya mtindo wa KAA 001A ulioanza 1989, lakini hiyo ni habari ya usajili, si ya kuundwa. Ufaransa iliacha kuunda Peugeot 504 saloon mwaka 1983, Kenya ikaendelea kuziunganisha. Ndiyo maana utaona umbo la 1968 lenye namba changa. Saloon ina sentimita 274 kati ya ekseli, stesheni wagon 290.

Tofauti hiyo simu huiharibu ukisimama karibu: pua huvimba, mkia husinyaa. Rudi nyuma hatua kama kumi, simama mkabala na mlango, shusha kamera usawa wa taa, kisha vuta kwa zumu. Jua la saa sita hapa liko utosini, kwa hiyo pembeni mwa gari huwa giza. Mawingu ya Julai ni zawadi. Filta ya polaraiza itakuondolea mng'ao kwenye kioo na rangi. Kwenye krome haisaidii.

Shahidi mkubwa ni nambari ya chesisi, nayo haichunguliwi kimyakimya. Msalimie mwenyewe kwanza. Mzee anayelipenda gari lake atafungua boneti kabla hujamaliza swali. Piga picha kibati chenye nambari kizima, kionekane kilivyofungwa, si tarakimu pekee, kwa kuwa riveti mpya kwenye bati kuukuu zina maelezo ya kutoa. Picha hiyo usiiweke mtandaoni. Tapeli akiwa na nambari kamili anaweza kuuza gari lisilo lake.