Je, wajua? Ule weusi wa puani si vumbi la Dodoma

Kwa nini kichunusi cha puani huwa na kichwa cheusi? Kwa miaka mingi jibu langu lilikuwa moja: vumbi. Panda bodaboda kutoka Ihumwa hadi mjini mwezi wa Agosti, mvua ya mwisho ilinyesha Aprili na upepo umeshika kasi, kisha jifute uso kwa leso nyeupe uone. Nani angetafuta jibu jingine? Basi nikasugua. Dodoki na sabuni ya mche, asubuhi na jioni, kama sufuria iliyoungulia. Pua iliwaka moto, weusi ukabaki palepale.

Vumbi la Dodoma, jamani, ni jekundu. Hilo peke yake lingetosha kunishtua. Tena vidoa hivyohivyo hutokea mgongoni, chini ya shati. Na kimoja kikitoka, ukikitazama vizuri, cheusi ni ncha tu. Mkia wake umepauka kama kipande cha tambi.

Kila kinyweleo kina tezi ya mafuta, na kuta zake hupukutisha seli zilizokufa. Kifananishe na chupa ya mafuta ya alizeti. Mafuta peke yake hupita shingoni bila shida, na unga mkavu peke yake hupita. Vikichanganyika humohumo ndani huwa donge, shingo ikaziba. Donge hilo ndilo mwanzo wa chunusi, nalo hujijenga kimyakimya kwa wiki kadhaa kabla kioo hakijakuonyesha kitu.

Weusi sasa. Seli zile zina melanini, rangi ileile ya nywele na ngozi yetu. Mdomo wa kinyweleo ukiwa wazi, donge hukutana na hewa na sehemu ya juu hugeuka rangi. Ni kama bilinganya iliyokatwa: iache kwenye sahani, inakuwa kahawia; izamishe kwenye maji, inabaki nyeupe kwa muda. Hakuna mpishi anayesema imeingia vumbi. Mfano huu usiuvute mbali, maana bilinganya hugeuzwa na vimeng'enya vyake. Ila kinyweleo kikifunikwa na ngozi, donge lilelile hubaki kichwa cheupe.

Dodoki basi lilikuwa likigusa kizibo kwa juu tu. Baya zaidi, ngozi nyeusi ikichubuka na kuvimba huacha alama zinazokaa miezi, kwa hiyo weusi mwingine niliuongeza mwenyewe.

Kinachoingia kwenye shingo ya kinyweleo ni asidi ya salisiliki, dawa ya kupaka, kwa sababu huyeyuka kwenye mafuta. Adapalini, dawa nyingine ya kupaka, huzuia seli kugandana, ingawa hutaka wiki 8 hadi 12 za subira, na mjamzito asiiguse. Uso unawe mara mbili kwa siku kwa sabuni laini, basi. Krimu za kung'arisha zenye steroidi ziache dukani. Zenyewe huleta chunusi. Karanga nazo husingiziwa sana, lakini ushahidi dhidi yake ni mwembamba. Vyakula vya sukari nyingi vina kesi nzito kidogo, nayo bado haijafungwa.

Kwa mapele mekundu kuna benzoili peroksaidi, nayo ya kupaka. Ya asilimia 2.5 inatosha, kali zaidi huunguza tu. Haing'arishi ngozi, ila kitambaa hukichuja rangi: foronya yangu ya bluu ina doa jeupe pale shavu linapolala.