ROTC na GI Bill si kitu kimoja

"Anasomeshwa na jeshi." Maneno haya yanazunguka sana kwenye makundi ya WhatsApp ya Waswahili walioko Marekani, hasa msimu wa vijana kumaliza sekondari. Kijana wa fulani yuko ROTC, wa fulani ana GI Bill, na wote wanatiwa kapu moja. Wazazi wanafanya maamuzi mazito juu ya mkanganyiko huu, kwa hiyo tuutenganishe.

ROTC ni mafunzo ya uofisa yanayotolewa ndani ya vyuo vikuu vya kiraia. Mwanafunzi anasomea shahada yake huku akifundishwa uongozi wa kijeshi, na akihitimu anakuwa afisa. Jeshi la nchi kavu linamwanzisha na cheo cha luteni usu. GI Bill ni sheria inayompa haki ya kulipiwa masomo na serikali mtu ambaye tayari amelitumikia jeshi.

Basi swali ni lipi linatangulia, kitabu au bunduki, na hapo ndipo nani anamdai nani panapobadilika. Kwenye ROTC mwanafunzi mwenye ufadhili, yaani anayelipiwa ada na jeshi, ndiye mdaiwa. Utamkuta alfajiri uwanjani akikimbia na makadeti wenzake, saa tatu yuko darasa la kemia kama mwanafunzi mwingine yeyote, ada imelipwa. Lakini deni linamsubiri. Mwenye ufadhili wa miaka minne ana mwaka wa kwanza wa kujipima. Akianza wa pili, amefungwa na mkataba. Akiacha njiani anaweza kutakiwa kurudisha fedha, au kuingizwa jeshini kama askari wa kawaida. Akihitimu, jeshi la nchi kavu linamdai jumla ya miaka minane, ambayo inaweza kugawanywa kati ya utumishi wa muda wote na jeshi la akiba.

Kwenye GI Bill mdaiwa ni serikali. Historia yake inaonyesha hivyo. Mwaka 1932, katikati ya ukata mkubwa, maelfu ya waliopigana Vita vya Kwanza vya Dunia walikwenda Washington kudai malipo waliyoahidiwa, wakafukuzwa na jeshi lilelile walilolitumikia. Aibu ile ilikuwa bado mbichi Rais Roosevelt aliposaini GI Bill ya kwanza tarehe 22 Juni 1944, huku viongozi wakihofia mamilioni ya askari kurudi nyumbani bila kazi. Kufikia 1947 karibu nusu ya wanafunzi wa vyuo vya Marekani walikuwa watu waliotoka vitani. (Si wote waliofaidi sawa: sheria haikutaja rangi, lakini vyuo vingi vya Kusini viliwafungia milango weusi waliopigana vita vilevile.)

ROTC ilizaliwa na haja tofauti kabisa, ya jeshi kutafuta maofisa. Mbegu yake ni sheria ya Morrill ya 1862, iliyoyapa majimbo ardhi ya serikali ya kugharimia vyuo vya kilimo na ufundi, kwa sharti kwamba vyuo hivyo vifundishe pia mbinu za kivita. ROTC yenyewe ikaundwa kwa sheria ya 1916.

GI Bill inayotumiwa zaidi leo ilipitishwa 2008 na kuanza kazi Agosti 2009. Aliyetumikia muda wote kwa angalau miezi 36 analipiwa ada yote ya mkazi wa jimbo katika chuo cha umma, anapata posho ya nyumba na fedha za vitabu, kwa hadi miezi 36 ya masomo. Fedha hizo hazitoki jeshini. Zinatoka idara inayohudumia wanajeshi wa zamani, na mwenyewe ameshazifanyia kazi. Kumwambia mtu huyo kwamba "anasomeshwa" ni kumpunguzia stahili yake. Na asikudanganye mtu kwamba ROTC inakupa vyote viwili kwa mpigo: miaka unayotumikia kulipa ufadhili wa ROTC haihesabiwi kwenye GI Bill hii.

Liko jambo moja linalowagusa wetu zaidi. Mwenye green card (kibali cha kuishi Marekani kwa kudumu) anaweza kuandikishwa jeshini kama askari, na utumishi huo ukamfikisha kwenye GI Bill. Uofisa ni wa raia, na ufadhili wa ROTC vilevile. Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, ukimwambia mwanao mwenye green card "ingia ROTC ulipiwe chuo," unamwelekeza kwenye mlango ambao bado haujafunguliwa kwake. Uraia ndio unaotangulia. Akiupata akiwa bado chuoni, aende ofisi ya ROTC akaulize kama miaka iliyobaki inatosha kuingia mkataba.