Ngitili: kufunga masika ni rahisi, kazi iko kwenye kufungua

Mwaka 1986, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ulipoanza, ngitili (maeneo ya malisho yanayofungwa masika ili yatumike kiangazi) zilizobaki mkoani zilikadiriwa kuwa hekta 600 tu. Miti ilikuwa imefyekwa ili kuangamiza mbung'o na kupisha mashamba, na kuhamishiwa kwa watu kwenye vijiji vya ujamaa miaka ya 1970 uliwaacha wengi mbali na ngitili zao. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilishapita hekta 300,000. Sehemu kubwa ya miti hiyo haikupandwa na mtu; ilichipua kutoka kwenye visiki na mbegu zilizokuwa ardhini, malisho yalipopumzishwa.

Mvua zikianza, Novemba au Desemba, mifugo yote itoke ili nyasi zichanue na kuangusha mbegu. Kufungua ni kuanzia Julai hivi, malisho ya nje yakiisha. Hapo ndipo wengi huharibu: wanafungua yote kwa mkupuo. Ng'ombe huzurura wakichagua nyasi tamu na kukanyaga nyingine, na Septemba hakuna kitu. Gawa ngitili vipande vitatu au vinne, kimoja kiishe ndipo cha pili kifunguliwe. Watangulie ndama, ng'ombe dhaifu na maksai, kwani maksai wakikonda shamba litachelewa kulimwa. Mbuzi wasiingie kabisa mpaka machipukizi yapite kimo cha mtu.

Kisiki chenye machipukizi mengi hakizai mti, kinazaa kichaka. Bakiza mawili au matatu yaliyonyooka, ondoa mengine, kisha pogolea matawi ya nusu ya chini. Kisu kiwe kikali na ukate kutoka chini kwenda juu, gome lisichanike. Rudia kila baada ya miezi michache, maana kisiki hakiachi kuchipua.

Watu nao wana haja na ngitili: kuni, uyoga, dawa, njia ya kisimani. Njia ya kisimani isizibwe kamwe. Ukiiziba, watapita popote, na uzio wako wa miiba utaishia mafigani. Iacheni wazi, ipangiwe alama, na ziwekwe siku za kuokota kuni kavu bila panga. Dagashida (mkutano wa jadi wa Wasukuma) na sungusungu (walinzi wa jadi wa kijiji) wanaweza kusimamia haya vizuri kuliko askari wa mbali, ila faini ziandikwe katika sheria ndogo zilizopitishwa na mkutano mkuu wa kijiji na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Vinginevyo anayetozwa akienda mahakamani, kijiji hakina cha kuonyesha.

Moto ndio adui mkubwa, kwa sababu ngitili iliyotunzwa vizuri ni rundo la nyasi kavu. Safisheni ukanda wa mita 5 kuizunguka mwezi Mei, kabla nyasi hazijakauka, na shamba la jirani lisichomwe kabla ukanda huo haujakamilika. Warina asali nao waripoti kwanza, waende wawili wawili wakiwa na maji, na mwenge uzimwe kabisa kabla ya kuondoka chini ya mzinga.