Densiti ya skrini na dp: kwanini picha ileile ni safi simu hii na mbovu simu ile

Ukianza kutengeneza apu za simu kuna tatizo lazima likukute, mimi lilinikuta mapema sana. Umeweka ikoni, kwenye simu yako inapendeza kabisa, unampa mtu mwingine afungue kwake unakuta ikoni imekuwa kama punje ya mchele, au ukubwa uko sawa ila ina ukungu ukungu kama unaangalia kupitia dirisha la daladala wakati wa mvua. Na simu zote mbili zina kioo cha inchi sita na kitu, apu ni ileile. Kinachotofautiana ni densiti, yaani pikseli ngapi (vile vinukta vidogo vinavyochora picha kwenye kioo) zimebanwa ndani ya inchi moja ya kioo.

Chukulia hivi. Panga punje 100 za mahindi kwenye mstari, mstari unaweza kumaliza meza. Panga punje 100 za ulezi, mstari hauzidi shibiri. Idadi ni ileile, urefu sio uleule. Pikseli ndo hizo punje. Simu yenye densiti ndogo ina mahindi, simu yenye densiti kubwa ina ulezi, kwahiyo ukisema kitufe kiwe na upana wa pikseli 100 unakuwa hujasema chochote kuhusu ukubwa wake mkononi kwa mtu. Kwenye kioo cha pikseli 160 kwa inchi kitufe hicho kina kama milimita 16, kwenye kioo cha 480 kinabaki kama milimita 5 na kidole cha mtu mzima hapo hakibonyezi kitu.

Ndo maana watu wa Android wakaja na dp, kipimo kisichofuata densiti. dp 1 ni sawa na pikseli 1 kwenye kioo cha densiti 160, na hiyo 160 haikutoka hewani, ndo daraja la densiti iliyopewa simu ya kwanza kabisa ya Android iliyotoka 2008, HTC Dream, kioo chake kilikuwa cha pikseli 320 kwa 480. Kwingine kote unapiga hesabu: pikseli = dp mara densiti gawanya kwa 160. Ikoni ya dp 48 inakuwa pikseli 48 kwenye 160, 72 kwenye 240, 96 kwenye 320, 144 kwenye 480 na 192 kwenye 640. Mkononi zote zinaonekana karibu ukubwa mmoja, ila yenye pikseli 192 ni kali zaidi maana ina punje nyingi za kuchorea. Madaraja hayo matano ndo yanaitwa mdpi, hdpi, xhdpi, xxhdpi na xxxhdpi, majina yanatisha lakini ni mara 1, 1.5, 2, 3 na 4 basi. Na ndo maana simu ya bei nafuu yenye kioo cha upana wa pikseli 720 na ile ya 1080 mara nyingi zinatoka na upana uleule wa dp 360, kwasababu 720 gawanya kwa 2 ni 360, na 1080 gawanya kwa 3 ni 360. Ukishaielewa hii hesabu nusu ya mateso ya kupanga skrini inaisha.

Maandishi yana kipimo chake, sp, ni dp hiyohiyo ila inafuata pia ukubwa wa herufi aliouchagua mwenye simu. Usiandikie maandishi kwa dp, mzee aliyekuza herufi ili asome utakuwa umemfungia mlango.

Sasa picha. Vitufe na nafasi mfumo unachora wenyewe, kwahiyo dp inatosha, lakini picha ya PNG au JPEG ina idadi yake ya pikseli tayari. Ikiwa na chache mfumo unaivuta na hapo ndo ukungu unapoingia, ikiwa na nyingi unaipunguza. Ndo sababu mradi una mafolda drawable-mdpi, drawable-hdpi na kuendelea, unaweka picha ileile kwa vipimo tofauti na simu inachukua inayoifaa. Isipoikuta ya kwake inatafuta jirani, na kwa kawaida inapendelea kubwa iipunguze kuliko ndogo iivute, ambayo ni busara.

Hapa kuna mtego ambao nataka uushike vizuri kuliko kitu kingine chochote humu. Folda inayoitwa drawable tu, bila kitu mbele, watu wengi wanadhani maana yake ni "picha za simu zote". Sio hivyo. Mfumo unaichukulia kama mdpi, yaani unaamini picha iliyomo imechorwa kwa ajili ya densiti 160, kwahiyo kwenye simu ya 480 unaikuza mara tatu kila upande.

Mimi niliwahi kuwatengenezea akina mama wa kikoba apu ndogo ya kurekodi hisa na mikopo, nikaweka picha ya kukaribisha ya 1080 kwa 1920 kwenye hiyo drawable tupu. Faili lenyewe dogo tu, halifiki hata MB moja. Kwenye simu nyingi apu ilifunguka kwa kujivuta, nikajua ni simu za bei chee. Alafu mweka hazina akaleta ya kwake, simu ya gharama aliyoletewa na mwanae, kioo cha 1440 densiti 640, apu ikawa inazima palepale kila akifungua. Simu nzuri kuliko zote ndo haifungui! Nilihangaika siku mbili kabla sijakaa chini kupiga hesabu, na hesabu yenyewe ni hii: picha ikishafunguliwa kwenye RAM (kumbukumbu ambayo simu inafanyia kazi) haina tena ukubwa wa faili, kila pikseli inakula baiti 4. 1080 mara 1920 mara 4 ni kama MB 8. Ikikuzwa mara nne kila upande inakuwa 4320 kwa 7680, ambayo ni kama MB 133, na Android ya simu ile ilikuwa inagoma kuchora picha moja inayozidi MB 100. Nikaihamishia picha kwenye drawable-xxhdpi, sijagusa kitu kingine chochote, simu ya mweka hazina ikatumia kama MB 15 na zile za 720 zikashuka chini ya MB 4. Kosa lilikuwa jina la folda.

Kwa ikoni za kawaida, za rangi moja mbili na mistari, achana na PNG kabisa utumie vekta, ambayo Android inaikubali tangu toleo la 5.0. Vekta ni maelekezo ya kuchora, haina pikseli za kuvutwa, faili moja linatosha densiti zote. Ila usiweke picha ya mtu au mandhari kwenye vekta, haifai. Ikoni ya apu yenyewe inakaa kwenye mafolda ya mipmap, maana skrini ya mwanzo ya simu wakati mwingine inataka ikoni ya daraja la juu kuliko densiti ya kioo chake.

iPhone wana mawazo yaleyale kwa majina mengine. Iphone 4 ya 2010 ilipoongeza pikseli mara mbili kila upande, kutoka 320 kwa 480 kwenda 640 kwa 960, ndo zikaja picha za @2x, na @3x ikafuata na iPhone 6 Plus 2014. Kwenye Flutter, zana ya kutengeneza apu za Android na iPhone kwa pamoja, utaona mafolda 2.0x na 3.0x, ni kitu kilekile.

Picha zinazotoka kwenye seva hazipiti kwenye mafolda haya, kwahiyo hapo kazi ni yako: omba seva ikupe saizi inayokaribia nafasi uliyonayo, au tumia maktaba (programu iliyoandikwa tayari unayoiingiza kwenye apu yako) kama Glide au Coil ambayo inaipunguza wakati wa kuifungua. Kumshushia mtu picha ya pikseli 4000 ili aione kwenye kiboksi cha dp 80 ni kumlia bando lake, na mimi hilo linaniuma kwelikweli kwasababu najua bando linanunuliwaje huku kwetu.

Na ukijaribu apu yako usiishie kwenye simu moja. Kuanzia Android 7 mwenye simu anaweza kubadili ukubwa wa vitu kwenye mipangilio, akifanya hivyo densiti inayoonwa na apu inabadilika, kioo cha dp 360 kinaweza kuwa 320 hapohapo. Weka saizi kubwa kabisa, fungua kila ukurasa, uone ni kitufe gani kimetoka nje ya skrini.