Kiko cheupe si povu la bahari

Jamaa wa Kisumu anauza viko vya kuvutia tumbaku vya marehemu babu yake, vile vyeupe vya kuchongwa vichwa vya watu, na kila mtu anamshow eti ni povu la bahari lililoganda. Zii. Hiyo ni maana tu ya jina la Kijerumani, meerschaum. Kitu chenyewe ni madini, sepiolaiti, inachimbwa sana Eskişehir kule Uturuki, na hata huku karibu iliwahi kuchimbwa, upande wa Amboseli mpakani na Tanzania. Ni nyepesi hadi ikiwa kavu inaelea kwa maji. Sasa buda, usipige msasa ndo kirudi kuwa cheupe, hiyo rangi ya kahawia huingia polepole na moshi wa miaka na ndiyo wakusanyaji wanalipia, kimoja kishasuguliwa, karibu nilie.