Pampu mpya, sukari haitulii: maswali kuhusu insulini ya msingi

Pampu za insulini bado ni chache Uganda. Baadhi ya wanaozivaa wameletewa na ndugu walio ng'ambo, na kifaa hufika kikiwa na kitabu kinene na mtu wa kuuliza hayupo. Haya ni maswali ninayoulizwa zaidi na watu wenye kisukari aina ya 1 katika wiki zao za kwanza na pampu.

Musawo (daktari), nilikuwa najichoma sindano ya usiku kila siku. Sasa kazi yake inafanywa na nini?

Ini lako linamwaga sukari kwenye damu mchana na usiku, hata ukiwa umelala na tumbo tupu. Sindano ile ya muda mrefu ilikuwa ya kuikabili sukari hiyo. Pampu haina insulini ya muda mrefu. Ina ile ya haraka peke yake, na inaidondosha kidogo kidogo kila dakika chache. Matone hayo ndiyo insulini ya msingi, na hupimwa kwa yuniti kwa saa. Ya chakula unaiagiza mwenyewe kwa kubonyeza.

Faida yake ni kwamba saa tofauti zinaweza kupata kiasi tofauti. Hasara yake ni kwamba chini ya ngozi hakuna akiba. Mrija ukiziba au ukichomoka, saa chache tu zinatosha ketoni, yaani asidi ambazo mwili hutengeneza ukikosa insulini, kuanza kujaa.

Niliwekewa yuniti 0.65 kwa saa. Namba hiyo ilitoka wapi?

Kwenye hesabu, si kwenye mwili wako. Tuseme ulikuwa unatumia yuniti 40 kwa siku, sindano zote pamoja. Pampu kwa kawaida huhitaji insulini pungufu kuliko hiyo, kwa hiyo daktari akapunguza asilimia 20, zikabaki 32. Nusu yake, yaani 16, ikawa ya msingi. Gawa kwa saa 24 unapata 0.67, na pampu ikaletwa kwenye 0.65. Ni kama fundi aliyekukatia nguo kwa kukutazama tu. Lazima urudi uijaribu, na atapunguza hapa na kuongeza pale.

Naamka na sukari ya 12. Si niongeze ya usiku kucha?

Subiri kwanza. Hiyo 12 haikuambii ilianza kupanda saa ngapi, wala kwa sababu gani.

Fikiria tunavyokula. Chakula cha jioni katika nyumba nyingi kinakuja saa tatu au saa nne usiku: matooke na mchuzi wa karanga, au posho (ugali) na nyama ya kukaanga. Mafuta huchelewesha chakula tumboni, sukari yake ikaingia kwenye damu saa saba au saa nane usiku, wakati dozi uliyobonyeza inaishia. Ukiongeza insulini ya msingi kufunika matooke, siku utakayolala na kikombe cha chai tu sukari itakuangusha usingizini.

Kwa hiyo jaribu usiku bila chakula kuingilia. Chagua siku ambayo hukulima, hukucheza mpira, hukunywa pombe na hauumwi. Kula saa kumi na mbili jioni, chakula chepesi kisicho na mafuta ambacho hesabu yake ya wanga unaijua. Usile tena, usibonyeze dozi nyingine. Ikifika saa nne usiku, insulini ya chakula imeisha kwa sehemu kubwa. Pima hapo. Ukiwa kati ya 5.5 na 10 milimoli kwa lita, endelea. Nje ya hapo ahirisha, jaribu usiku mwingine. Kisha pima saa sita, saa nane, saa kumi, na saa kumi na mbili alfajiri. Wenye sensa, kile kifaa cha mwilini kinachosoma sukari chenyewe, wana nafuu ya usingizi, ila waweke kengele, na namba wasiyoiamini waihakikishe kwa kidole.

Ikishuka chini ya 4, jaribio limekwisha: vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, pima tena baada ya dakika 15. Ikipita 14, acha pia, rekebisha.

Sasa soma ulichoandika. Ikiwa sukari imepanda au kushuka kwa chini ya 2 usiku mzima, usiguse kitu. Ikiwa ilitulia kwenye 7 mpaka saa tisa, kisha ikafika 11 alfajiri, hapo mwili unaamka: homoni za kabla ya mapambazuko huliambia ini litoe sukari. Ni jambo la kawaida. Rudia jaribio usiku mwingine. Likitoa picha ileile, ongeza kama asilimia 10, yaani kutoka 0.65 hadi 0.70, na ianze saa moja au mbili *kabla* ya kupanda, kwa sababu hata insulini ya haraka inachukua muda kufanya kazi. Kisha tulia siku mbili, tatu. Anayebadilisha mambo matatu kwa usiku mmoja hatajua lipi lilimsaidia na lipi lilimwangusha.

Mtoto, mjamzito, mwenye ugonjwa wa figo, na yeyote ambaye hahisi dalili za sukari kushuka, wasifanye haya bila kliniki yao kukubali.

Niliongeza ya saa tisa usiku kama ulivyosema. Mbona sukari inashuka nikiwa kazini?

Nionyeshe pampu. Je, uliandika 9:00? Saa yetu tisa usiku kwa pampu ni 03:00. Ukiandika 9:00, insulini ya ziada inakuja saa tatu asubuhi, na alfajiri inabaki vilevile. Kosa hili kitabu cha pampu hakilitaji, maana walioandika hawahesabu saa kama sisi. Kwenye daftari lako andika kama pampu inavyosoma, hata kama mdomoni unasema saa tisa. Hakikisha pia usiku na mchana havijageuzwa kwenye saa ya kifaa.

Na mchana?

Mchana unafuata baada ya usiku kutulia. Siku moja ruka chai ya asubuhi na upime kila baada ya saa mbili hadi mchana. Siku nyingine, ruka chakula cha mchana. Funga ya Ramadhani si nafasi ya kujaribia. Anayetaka kufunga azungumze na daktari wake wiki kadhaa kabla.

Nataka kutembea kwa miguu kwenda kuhiji Namugongo kwa ajili ya Siku ya Mashahidi, Juni 3. Nipunguze ya kudumu?

Hapana. Mpango wa kudumu ni wa siku za kawaida. Pampu ina kiwango cha muda: unaipunguza kwa saa unazotaka, kisha inarudi yenyewe. Kwa mwendo wa siku nzima wengi huanza kwa kupunguza kati ya asilimia 20 na 50, saa moja au mbili kabla ya kuondoka. Chako kipange na kliniki. Usiku unaofuata nao uangalie, kwa sababu misuli huendelea kuvuta sukari wewe ukiwa umelala.

Sukari imeruka ghafla hadi 17. Nipandishe ya msingi?

Kwanza funua shati uangalie mrija. Umepinda? Una mapovu? Umekaa zaidi ya siku tatu? Ulipanda boda adhuhuri na pampu ikapigwa na jua? Insulini haipendi joto la zaidi ya nyuzi 30. Jichome dozi ya kurekebisha kwa sindano au kalamu, si kwa pampu hiyohiyo unayoishuku, kisha badilisha mrija na insulini, na upime ketoni.

Ikiwa ni homa ya malaria, mahitaji ya insulini hupanda, kwa hiyo usivue pampu eti kwa sababu huli. Ukiwa na ketoni na unatapika, nenda hospitali usiku huohuo, na ubebe sindano na chupa ya insulini uliyoiweka nyumbani kwa siku pampu ikifa.