Je, wajua kwa nini rafadha (propela) ya ndege ndogo haiguswi hata injini ikiwa imezimwa?

Ukibahatika kusimama karibu na Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja, iliyoegeshwa uwanja wa ndege wa Moi, Mombasa, mtazame rubani. Injini imelala, ufunguo uko mfukoni mwake, lakini anaizunguka rafadha kwa mbali kama mtu anayempita ng'ombe mwenye pembe. Wewe ukiiegemea upigwe picha, utafokewa.

Jibu utalipata Tudor, hukohuko Mombasa, kwa wavuvi. Mvuvi anayewasha mashine ya boti kwa kamba hana haja ya betri. Anavuta mara moja, mara mbili, mashine inanguruma. Ndani yake kuna sumaku inayozunguka karibu na koili, na mzunguko huo wenyewe ndio unaozaa umeme wa cheche kwenye plagi. Injini nyingi za pistoni za ndege zina mtambo wa ukoo huohuo, magneto, tena mbili. Kila silinda ina plagi mbili, moja kwa kila magneto. Betri ni ya stata, redio na taa. Ikifa angani, injini haina habari. (Ndege za Cessna Caravan zinazobeba watalii ni jambo jingine, injini zake si za pistoni bali za tabo, jamaa ya jeti.)

Uzuri huo una ubaya wake. Ukigeuza ufunguo kuzima, hukati umeme. Unaunganisha waya wa magneto na bodi ya injini, umeme umezwe na chuma usifike kwenye plagi. Nyumbani waya wa taa ukikatika, ni giza. Huku waya huo ukikatika, magneto inabaki hai, na ufunguo unakwambia imezimwa.

Sasa weka petroli kidogo iliyobaki kwenye silinda, na mtu anayesogeza rafadha kwa mkono. Utasema mkono ni wa polepole mno kuzaa cheche. Lakini magneto nyingi zina springi inayojikaza rafadha ikizunguka taratibu, kisha inafyatuka, tak!, na kuirusha sumaku kwa kasi. Iliwekwa kuisaidia injini iwake, nayo haibagui mkono na stata. Silinda moja ikiwaka tu, rafadha inakupiga kabla hujasikia mlio.

Ndiyo maana injini hii haizimwi kwa ufunguo kama matatu. Rubani anavuta hadi mwisho kishikio cha mchanganyiko wa petroli na hewa. Injini inamaliza kilichomo, inakohoa, inakufa kwa njaa. Ndipo ufunguo unazimwa.

Jua la Mombasa mwezi wa Februari nalo lina vituko. Ndege iliyotua sasa hivi ikikaa kidogo juani, petroli huchemka ndani ya mabomba na injini ikagoma kuwaka. Hapo ndipo mtu hushawishika kushuka na kuizungusha rafadha kwa mkono, na mimi naona hiyo ndiyo saa mbaya kuliko zote: injini ya moto, petroli imeshaingia, hasira juu.

Kuwasha kwenyewe ni kufupi. Breki zimekazwa, dirisha liko wazi, rubani anapaza sauti watu waiondokee rafadha, anangoja, anatazama huku na huku, ndipo anapogusa stata. Shinikizo la oili lisipopanda ndani ya nusu dakika, anazima.

Kabla ya kuruka anaongeza moto hadi mizunguko 1,800 kwa dakika, kisha anazima magneto moja, anairudisha, anazima ya pili. Kila mara mizunguko hushuka kidogo. Kwenye Cessna 172S, toleo mojawapo la 172, kushuka huko kusizidi mizunguko 150. Mwanafunzi mgeni akiona haikushuka hata kidogo hufurahi, akidhani injini ina afya. Mwalimu wake anageuza ndege kurudi kwa fundi: huenda magneto ile haikuzimika, waya wake umekatika.